Mwanafunzi wa Uuguzi Anavyofundwa Kuelimisha Jamii: Mfano wa Fittja

Fittja, kitongoji cha manispaa ya Botkyrka kusini-magharibi mwa Stockholm, kilijengwa kwa sehemu kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya mpango wa serikali ya Sweden wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Na kwa kuwa wakazi wake wengi ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji, elimu ya afya hapo haikamiliki kwa kugawa vipeperushi; muuguzi hana budi kufundwa namna ya kuitoa.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 kuhusu utambuzi wa sifa za kitaaluma linataka muuguzi apate mafunzo ya saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu yake iwe mafunzo kwa vitendo, yaani kujifunza kwa kuwahudumia watu, wagonjwa na wazima, chini ya usimamizi. Agizo hilo linataja waziwazi kwamba mwanafunzi ajifunze kuelimisha mtu mmoja mmoja na vikundi vidogo, kituoni au katika jamii. Kuelimisha, basi, ni stadi ya uuguzi sawa na kuchoma sindano, na inastahili kufundishwa na kupimwa kwa uzito uleule.

Stadi hiyo huonekana vizuri katika kliniki ya watoto ya kitongoji kama Fittja. Mtoto mchanga nchini Sweden hupewa matone 5 ya vitamini D kila siku hadi atimize miaka 2, na baadhi ya watoto hushauriwa kuendelea hata baada ya hapo. Mzazi aliyekulia Mombasa au Mogadishu, ambako jua halikosekani, ana kila sababu ya kuuliza matone hayo ni ya nini. Mwanafunzi huanza kwa kusikiliza mzazi anajua nini, kisha hueleza kwamba Stockholm, iliyo karibu nyuzi 59 kaskazini mwa ikweta, hupata jua hafifu mno wakati wa baridi, na kwamba ngozi yenye rangi nyingi huhitaji mwanga zaidi ili itengeneze vitamini hiyo. Halafu mzazi huhesabu matone mwenyewe kwenye kijiko na kueleza kwa maneno yake atakavyofanya nyumbani. Akikosea, maelezo ndiyo yanayorekebishwa, wala mzazi halaumiwi. Pakihitajika mkalimani, mwanafunzi humtazama na kuzungumza na mzazi, kwa sentensi fupi, na mtoto wa familia habebeshwi kazi hiyo.

Udhaifu wa mafunzo haya ni ufupi wa muda, kwani mwanafunzi huweza kuondoka kabla ya kujua kama ushauri wake ulifuatwa. Rinkeby, kitongoji kingine cha Stockholm, inatoa funzo: tangu 2013 muuguzi na mshauri wa malezi wamekuwa wakizitembelea familia zenye mtoto wa kwanza mara 6 katika miezi yake 15 ya mwanzo. Mwanafunzi akiambatanishwa na ziara za namna hiyo, akarudi kwa familia ileile zaidi ya mara moja, hupimwa kwa kile ambacho familia imeelewa na inakitenda, na hicho ndicho kipimo cha haki cha mwelimishaji yeyote wa afya.