Kisanduku Kisichokula Stima

Kijana anayenisaidia kibandani hapa Githurai 45 alikigeuza kile kisanduku cha chuma mara mbili akitafuta mahali pa kuchomeka waya. “Mzee, hii haina hata pa kuingizia stima. Ilikufa kitambo.”

Haikuwa imekufa. Ilikuwa ikwalaiza pasivu ya enzi za studio za vali, na tangu itengenezwe haijawahi kuhitaji stima. Ndani mna koili, kapasita, rezista na swichi za kuzungusha, basi. Kazi yake ni kupunguza tu. Ukizungusha kifundo cha kuongeza besi, unaiachia besi ipite huku sauti nyingine zote zikiwa zimeshakandamizwa. Pultec EQP-1 ya Marekani, waliyoiunda Eugene Shenk na Ollie Summerlin mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa ikipoteza kama desibeli 16 kwenye kichujio, yaani volti inabaki takriban moja ya sita, kisha amplifaya ya vali iliyo ndani inalipa deni hilo. Kisanduku chetu hakina amplifaya. Deni lake lazima lilipwe nje.

Tulianza na swichi. Miguso ya fedha ilikuwa myeusi, na kila hatua ilitoa mkwaruzo kwenye spika. Msasa hapana, kwa sababu unakwangua fedha yenyewe. Tulilowesha kipande cha kadi nyembamba kwa alkoholi, tukakipitisha kwenye miguso, tukarudia mpaka kadi ikatoka safi.

Kisha kapasita za karatasi. Umri huzifanya zivujishe, na mara nyingi thamani yake hupanda. Koili ya milihenri 100 ikiwa na kapasita ya maikrofaradi 0.1 hukutana kwenye Hz 1,590 hivi. Kapasita ikifika 0.12, makutano hushuka hadi Hz 1,450, ilhali maandishi ya kifundo hayajabadilika. Tulilegeza lehemu ya mguu mmoja wa kila kapasita kabla ya kuipima, maana ukiipima ikiwa imefungwa kote kuwili, mita inakusomea na wenzake. Zilizopotoka tuliziondoa, tukaweka za filamu zenye thamani ya asili.

Koili hatukuzigusa, hata kwa mita ya omu. Mita hiyo hupitisha mkondo wa moja kwa moja, na kiini cha aloi ya nikeli kinaweza kubaki na usumaku unaochafua sauti. Tulizikagua kwa kupitisha mawimbi ya sauti tu.

Hapo ungedhani kazi imekwisha. Tulikiunganisha moja kwa moja na kompyuta, na vifundo vikaanza vituko: mwinuko ukatokea pasipotakiwa, hatua za desibeli hazikulingana na maandishi.

Fundi yeyote wa muziki wa matatu hapa stejini amekutana na ugonjwa huu. Kapasita ya maikrofaradi 10 inayolinda twita ya omu 4 huanza kukata kwenye Hz 4,000 hivi. Weka twita ya omu 8, uache kapasita ileile, na mkato unashuka hadi Hz 2,000. Twita inabebeshwa sauti zisizo zake. Kapasita ni ileile. Kilichobadilika ni jirani yake.

Ikwalaiza yetu ilibuniwa kukaa katikati ya omu 600 na omu 600, desturi iliyorithiwa kutoka laini za simu. Vifaa vya leo vina omu 100 hivi upande wa kutoa sauti, na omu 10,000 au zaidi upande wa kupokea. Kwa hiyo tuliirudishia majirani wake. Upande wa kuingia tuliweka rezista mbili za omu 240, moja kwa kila waya wa sauti. Pamoja na zile 100 za kifaa zinafika 580. Upande wa kutoka tuliweka rezista ya omu 620 sambamba na mlango wa mikisa wa omu 10,000, na jumla ikawa 584. Transfoma ya uwiano wa 1:1 ya omu 600 iliyowekwa mbele ikakata mvumo wa njia mbili za ardhi. Desibeli zilizopotea zikarudishwa na priamplifaya ya maikrofoni, ikiwa imefunguliwa kidogo tu.

Tulipitisha mawimbi tena kuanzia Hz 20 hadi 20,000. Vifundo vikiwa sifuri, mstari ukalala. Kifundo cha besi kikapandisha besi, peke yake.

Rezista hizo hatukuzilehemu ndani ya kisanduku. Tulizificha ndani ya plagi, ili kisanduku kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Kisha kijana, yule aliyekitangaza maiti, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika mgongoni kwa herufi kubwa: 600 KUINGIA, 600 KUTOKA. Fundi atakayekifungua miaka ijayo asitafute waya wa stima.