Sifuri ya Nyakasimbi

Mliolifungua faili la vituo vya maji, lile la mistari 59,400 ambalo tovuti ya mashindano ya DrivenData iliwawekea wachambuzi kwa takwimu za jukwaa la Taarifa na Wizara ya Maji ya Tanzania, mnaujua mstari wa Nyakasimbi. Kitongoji cha Kyanyamisa, kata ya Nyakasimbi, wilaya ya Karagwe, tarehe 13 Julai 2011. Jina la kituo: Shuleni. Chanzo: maji ya mvua. Upatikanaji: kwa msimu. Hali: kinafanya kazi. Wakazi: 0. Mwinuko: 0. Mwaka wa ujenzi: 0.

Karagwe hii hii ya milima, zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, imeteremshwa hadi ufukweni! Shule haina jirani hata mmoja, na kituo chake kimejengwa mwaka ambao kalenda yenyewe haina.

Aliyeamua kwamba pasipojulikana paandikwe sifuri, badala ya kuachwa wazi, aliharibu kazi ya wenzake waliokanyaga matope kukusanya takwimu. Mistari 20,709 imebandikwa sifuri hiyo kwenye mwaka wa ujenzi. Mingine 1,812 ina longitudo sifuri, kwa hiyo kwenye ramani visima vya Kanda ya Ziwa vinaelea Ghuba ya Guinea. Sasa mpe faili hilo mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani Kyerwa, mwenye vipuri vichache vya kugawa kati ya Mabira na kata jirani. Akipanga vituo kwa umri, vya sifuri vitatangulia vyote kwa uzee, hata kama fundi aliondoka juzi.

Si kila kitu humo kimekosewa: viwianishi vya Nyakasimbi vinaangukia Karagwe, na kutenga vibovu na vinavyohitaji matengenezo ilikuwa busara.

Lakini kuhusu yasiyojulikana, vijana wa Map Kibera, waliochora ramani ya mtaa wao wa Nairobi mwaka 2009, walikuwa wameshaonyesha njia: kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, usichokijua hukiwekei lebo, basi. Na shirika la Daraja la Tanzania, walipoendesha Maji Matone, mradi wa wananchi kuripoti hali ya vituo vya maji kwa simu, walilenga ujumbe 3,000 wa simu wakapata 53, wakaitangaza 53 hiyo bila kuipamba. Huko ndiko kuheshimu namba.

Wachambuzi wa DrivenData nao wakalipokea faili lile la sifuri, na baadhi yao wakazifuta sifuri kwa kuweka wastani. Kituo kikapewa umri wa kubuni, kisha kompyuta ikaagizwa itabiri kama kinafanya kazi, kinahitaji matengenezo au ni kibovu.