Bonge, chenga na joto la sebuleni Sydney

Ndoo ya kilo 10 za makaa ya mawe ina nishati ya megajuli 250 hadi 300. Ukiyachoma katika meko ya wazi ya ukutani, kama yale yaliyojengwa karne ya 19 katika nyumba zilizoshikana za Balmain, Paddington na Surry Hills, sehemu kubwa ya joto hupanda na dohani. Chumbani hubaki moja ya tano hivi, tena moto ukiwa mikononi mwa mtu anayeujua. Hiyo moja ya tano ni kama hita ya umeme ya kilowati 2 ikiwaka kwa zaidi ya saa 7. Usiku wa Julai, Sydney hushuka hadi nyuzi 8 hivi, baridi ambayo mtu wa Njombe haimtishi. Kwa chumba kimoja, jioni nzima, ndoo moja yatosha.

Hesabu hii lakini ina sharti: makaa yawe mabonge. Ndoo ileile ikijaa chenga, moto hufukuta, hutoa moshi mzito na mara nyingi huzimika. Moto wa makaa ya mawe huishi kwenye nafasi kati ya bonge na bonge, maana hewa huingia chini ya wavu wa chuma na kupanda kupitia nafasi hizo. Chenga huziba njia. Pande kubwa mno nalo lina kasoro yake, kwa kuwa huchelewa kushika na hubaki jeusi katikati wakati pembeni kumeshakuwa jivu. Kwa meko madogo ya Sydney, bonge linalofaa lilikuwa la ukubwa wa ngumi, labda ngumi mbili.

Ukubwa huo huanzia ndani ya mgodi, mikononi mwa mchimbaji, na kabla ya mashine ulimgusa mfukoni pia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mchimbaji alilala ubavu chini ya uso wa makaa, akachonga kwa sururu mfereji mwembamba kwenye mguu wa tabaka, ukiingia ndani kiasi cha mita moja. Alipokuwa akichonga aliweka vigogo vifupi kuzuia tabaka lisimwangukie. Kisha alivitoa, akapiga kabari kwa juu au akatia baruti kidogo, na uzito wa makaa wenyewe ukamalizia kazi. Hapo ndipo ufundi ulipo. Makaa ya mawe yana nyufa za asili zilizosimama, zinazoelekea upande mmoja, na yana mistari ya kulala iliyofuata jinsi mimea ilivyojilundika zamani. Anayeijua mielekeo hiyo hupata mapande makubwa yenye nyuso safi. Asiyeijua, au mwenye haraka anayeongeza baruti, hupata lundo la vumbi.

Juu ya mgodi kulikuwa na chekeche la vyuma. Katika migodi mingi ya New South Wales mchimbaji alilipwa kwa tani ya makaa yaliyobaki juu ya chekeche. Yaliyopita chini yalilipwa kidogo au hayakulipwa kabisa, ingawa mwenye mgodi aliyauza. Ugomvi kuhusu chenga hizo haukuisha, na nadhani wachimbaji walikuwa na hoja, kwa sababu upana wa tundu za chekeche aliupanga mwajiri. Hata hivyo mfumo huo, kwa ukali wake, ulimpa mama wa nyumbani mjini makaa yanayowaka.

Sydney imekaa juu ya bakuli la makaa. Kingo zake hujitokeza juu ya ardhi katika pande tatu: Newcastle kaskazini, miteremko ya Illawarra kusini, na milima ya magharibi. Mwaka 1797 Wazungu waliyaona makaa hayo katika kingo mbili, kusini mahali panapoitwa sasa Coalcliff, na kaskazini kwenye mto Hunter. Katikati ya bakuli, chini ya mji wenyewe, tabaka liko karibu mita 900 kwenda chini. Kampuni moja ililifuata hukohuko: shimo lilianza kuchimbwa Balmain mwaka 1897, makaa yakafikiwa mwaka 1902, na uchimbaji ukasimama mwaka 1931. Watu hupenda kusimulia habari za mgodi huo uliokuwa ukingoni mwa bandari. Mimi naona ulikuwa somo la gharama tu. Kila bonge lilipaswa kuvutwa karibu kilomita nzima kwenda juu, na joto na gesi za huko chini si mchezo. Mkazi wa Balmain alilala juu ya makaa, na makaa ya kuchoma mjini yakaendelea kuja kwa meli ndogo kutoka Newcastle, mwendo wa maili 60 za baharini. Makaa ya Newcastle yalipendwa majumbani kwa sababu yana gesi nyingi ndani yake, hivyo hushika upesi na kutoa ndimi ndefu za moto. Ya Illawarra yana gesi kidogo. Yalifaa zaidi bwela za meli na tanuri za chuma.

Mgodi mdogo unaonivutia zaidi uko Katoomba, yapata kilomita 100 magharibi mwa Sydney. Hapo tabaka hutokeza chini ya magenge, na mtu huingia mlimani kwa mlalo bila kuchimba shimo la kushuka. John Britty North aliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1870, na makaa yalivutwa kwa kamba kupanda reli yenye mwinamo wa nyuzi 52. Ulifufuliwa miaka ya 1920 kwa soko la karibu kabisa: mtambo wa umeme wa mji, hoteli na nyumba za wakazi. Kwa soko kama hilo mgodi mdogo una faida isiyoonekana katika hesabu za tani. Makaa huvunjika kila yanapomwagwa, kutoka kitoroli hadi behewa, behewa hadi meli, meli hadi gati, gati hadi mkokoteni. Ya Katoomba yalimwagwa mara chache, na bonge likafika nyumbani likiwa bado bonge.

Nyumbani kazi ya kuvunja iliendelea. Pande kubwa hulazwa kwa ubavu na kupigwa kwa nyundo kando ya mistari yake, si katikati, na hunyunyiziwa maji kwanza ili vumbi litulie. Hapo ndipo mawe yaliyojificha huonekana na kutupwa, kwani jiwe halina joto, lina jivu tu. Chenga zilizobaki hazikupotea: zililoweshwa na kufunika moto wakati wa kulala, ili uende polepole hadi asubuhi. Hapo dohani lazima iwe wazi. Moto uliobanwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Waliochoshwa na moshi walinunua koka kutoka kiwanda cha gesi, kama kile cha Mortlake kilichoanza mwaka 1886. Koka ni makaa yaliyokwisha kukamuliwa gesi, kama mkaa wetu ulivyo mti uliokwisha kukamuliwa moshi wake. Huwaka safi, lakini kuiwasha kunataka subira.

Mashine za kukatia makaa zilipoenea, chenga ziliongezeka na chekeche likapoteza maana yake. Mitambo mipya ya umeme haikujali, kwa kuwa yenyewe husaga makaa hadi yawe unga kabla ya kuyapuliza tanurini. Mgodi wa Katoomba ulifungwa mwaka 1945, na nyumba iliyokuwa ikihitaji bonge ikaunganishwa waya.