MiG za Amin: Kosa Lilikuwa la Maegesho

Wote mmeitazama filamu ya Entebbe, na wengi huishia kuisifu ile Hercules ya kwanza ya Waisraeli. Ilitua vizuri, basi. La kujadiliwa ni uamuzi wa wenyeji, jeshi la Idi Amin, na ulikuwa mbovu: MiG-17 na MiG-21 za Uganda ziliachwa zimeegeshwa wazi kwenye uwanja ule ule walikofungiwa mateka wa ndege iliyotekwa. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, Waisraeli waliokuja kuwaokoa waliteketeza takriban 11 zikiwa chini, na hakuna hata moja iliyoruka kuwafuata. Jeti ikiwa chini ni bati lililojaa mafuta. Somo hilo ni la tangu jeti za kwanza zilipoingia vitani: Me 262 ya Wajerumani iliwaacha wote nyuma kwa mbio, lakini injini zake za Jumo 004 zilichelewa kushika kasi, kwa hiyo marubani wa Marekani waliivizia inaporuka au inapotua. Adolf Galland, rubani wa Wajerumani, hakuona haya kuwekea kikosi chake, JV 44, ulinzi wa Fw 190 za propela. Huyo alijua kazi! Amin alikuwa na mfano wa karibu zaidi, Misri ya Juni 5, 1967, ambako ndege zilipigwa na Waisraeli zikiwa chini, na Waisraeli wenyewe walikuwa wamewafundisha marubani wake kabla hajawafukuza mwaka 1972.

Wako watakaosema MiG-17 ni ndege ya mchana, na Israeli iko mbali mno, nani angeitarajia? Hoja ya kwanza inaniunga mkono: ndege isiyoweza kupigana usiku ina kazi gani kulala jirani na mateka, na Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna uwanja? Ya pili inaangushwa na kalenda, kwa kuwa mateka walifika Juni 28; siku za kuzihamisha zilikuwepo.

Na wimbo wangu wa zamani siuachi: ndege iegeshwe popote, bila mafuta hairuki. Mafuta ya Uganda yalitoka Mombasa yakipitia hapa kwetu Malaba na Busia, lakini Februari mwaka huo Amin alidai magharibi ya Kenya ni yake. Julai Kenya ikayabana mafuta hayo. Kisha Nairobi ikaagiza ndege za kivita kumi na mbili aina ya F-5 kutoka Marekani, zikafika 1978, zikawekwa Nanyuki, mbali na mpaka. Huo ndio uegeshaji.