Ufundi wa Anayeitikia

Mtambaji hadithi wa Pwani akishasema "Paukwa!" hungoja. Mpaka waliomzunguka waitikie "Pakawa!", hadithi haiondoki. Hivyo kazi ni ya pande mbili: anayesema na anayempokea.

Abdulrazak Gurnah anaijua vyema kazi ya huyo wa pili. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, katika misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akahamia Uingereza. Kurudi kwao kukawa muhali hadi 1984. Mwaka 2021 alitunukiwa Nobel ya Fasihi.

Katika riwaya yake By the Sea (2001), Saleh Omar, mzee wa Kizanzibari aliyewahi kuuza samani, anatua uwanja wa Gatwick kwa jina la mtu mwingine. Ofisa wa uhamiaji anamhoji, anampekua mizigo, na kumnyang'anya kikasha chake cha udi. Mzee anajifanya hajui Kiingereza. Maswali ni mengi, wa kumwitikia hakuna.

Anayekuja kumwitikia ni mtu mwenye kinyongo naye. Latif Mahmud ni mhadhiri jijini London, na jina analotumia Saleh ni la baba yake Latif. Nyumba ya baba huyo iliishia mikononi mwa Saleh kwa sababu ya deni. Utotoni Latif alitumwa kwenda kwa Saleh kuomba kijimeza cha mpingo kirudishwe. Akarudi mikono mitupu.

Hapo ndipo Gurnah anapoonyesha ufundi. Saleh na Latif wanapokutana, hawaharakishi kusameheana. Mmoja anasimulia, mwenzake anahoji, anasahihisha, anajazia. Latif amekua na hadithi ya dhuluma waliyotendewa wazazi wake. Saleh naye anatoa upande wake, na miaka aliyosota gerezani. Urafiki unamea humohumo kwenye ubishi, maana Uingereza nzima hawana mwingine wa kuwaambia, "La, haikuwa hivyo."

Wapo akina Saleh karibu nasi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongo tangu 1996, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Wamezoea kuulizwa maswali ya kujazia fomu. Msomaji akijaliwa kukutana na mmoja wao, amwulize habari za kwao, na asimkatize kabla hajamaliza.