Kicheko cha Mtani Msibani: Hoja Dhidi ya "Ingawa"

Katika uchambuzi wa utani wa msibani, sentensi moja hujirudia kwa sura mbalimbali: waombolezaji hucheka ingawa wana huzuni. Kinachofuata huwa ni maelezo ya dhima, nayo karibu kila mara ni ileile, kwamba mtani huwaliwaza wafiwa na kuwasahaulisha uchungu. Makala haya yanayapinga maelezo hayo, na yanaanzia kwenye kiunganishi chake. "Ingawa" hudai kwamba hali moja ilipaswa kuizuia nyingine. Dai hilo ni la mhakiki, si la wafiwa.

Tuangalie anachokifanya mtani. Awe Mnyamwezi kwa Wazaramo, utani unaohusishwa na misafara ya karne ya 19 kuelekea pwani, au Mngoni kwa Wahehe, waliopigana vita kabla ya kutaniana, mtani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo na sauti yake, hujilaza kaburini na kudai fedha ndipo atoke. Huyohuyo mara nyingi ndiye mchimba kaburi. (Wachambuzi wetu huupenda mzaha kuliko jembe.) Tofauti yake na mfariji wa kawaida ni ya kisarufi kwanza. Mfariji humwelekea mfiwa kwa amri: usilie, nyamaza, jikaze. Akiongeza sababu, huiunga kwa "lakini": amefariki, lakini amepumzika. Mtani hamwamrishi mfiwa lolote. Nafsi ya pili katika usemi wake ni marehemu: umelala mapema ili usinilipe deni langu? Swali la namna hiyo huchukulia kwamba marehemu anasikia, na kwamba angeweza kuamka akalipa. Mfiwa naye, siku ile ya kwanza, bado hajakubali vinginevyo. Mtani hamsahihishi, anachokihisi mfiwa hukitamka hadharani, kwa namna inayochekesha.

Ndiyo maana nadharia ya kuliwaza hukwama pale ambapo igizo limefanikiwa zaidi. Mwigo ukifanana mno na marehemu, binti yake aliyekuwa akicheka huangua kilio. Ikiwa dhima ni kupunguza huzuni, hapo mtani ameharibu kazi. Hadhira haimhukumu hivyo: husema amempatia marehemu kabisa, na binti huachwa alie.

Katika "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989), Mulokozi aliyaweka malumbano ya watani katika mazungumzo, na nyimbo za maombolezo katika ushairi. Uainishaji huo umetufaa sana darasani, na yeye mwenyewe aliutilia mkazo muktadha. Tatizo ni sisi tuliourithi, tulioigeuza orodha kuwa kuta. Matini za uwandani wanazoleta wanafunzi huja zimekwisha kugawanywa, nyimbo faili moja na utani faili jingine, ilhali zilirekodiwa katika ua mmoja, saa ileile, pengine kwa mtu yuleyule. Kilio kilichoukatiza mzaha hufutwa kama kelele.

Lugha ya kila siku haina woga huo. Mama aliyejifungua huambiwa "pole na hongera", kwa "na", pasipo neno moja kulitengua jingine wala mama kuulizwa anahisi lipi. "Pole" haina njeo, na tofauti na "usilie", haimtaki msikilizaji awe mwingine.

Pendekezo letu ni la kiutendaji. Tukio la msiba linukuliwe zima, katika safu mbili sambamba, mtani upande mmoja na wafiwa upande wa pili, kicheko na kilio vikiandikwa pale vilipotokea, hata vikigongana katika mstari mmoja. Kazi hiyo haina muda mrefu wa kusubiri. Katika mazishi mengi ya mijini, ratiba iliyochapwa humpa mtani dakika chache baada ya wasifu wa marehemu, au haimtaji kabisa.