Miaka Minne ya Tingatinga: Hesabu Iliyo Nyuma ya Picha

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu. Alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu aliyekuwa akitoroka. Chuo cha sanaa hakukipitia. Lakini leo, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, wapo watu wanaolipa kodi ya nyumba na ada za watoto kwa kuuza picha zinazobeba jina lake. Wanaomwandika huanza na chui, tembo na ndege wake. Mimi naanzia kwenye hadibodi aliyochorea, maana swali langu ni la kifundi: mtu asiye na mtaji, mfadhili wala cheti aliijengaje kazi ya kujitegemea ikadumu kuliko uhai wake mwenyewe?

Hadibodi nzima ina futi nane kwa nne. Ukiikata vipande vya mraba vya futi mbili kwa mbili unapata vinane, na hakibaki hata cha kuwashia moto. Picha nyingi za mwanzo za Tingatinga zina ukubwa huo, kama sentimita 60 kwa 60. Wapo wanaolitafuta fumbo katika umbo lile la mraba. Mimi naona msumeno na mtu anayejua hesabu zake. Rangi nayo ilikuwa ya duka la vifaa, ile ya mafuta inayopakwa baiskeli na milango. Kopo moja linachora picha nyingi, rangi ikikauka inang'aa, na unyevunyevu wa pwani hauiharibu upesi. Likiisha, lingine liko dukani. Hakuna kungoja meli.

Rangi hiyo ina tabia moja inayomkera asiyeizoea: huchelewa kukauka. Anayechora picha moja moja atakaa akipunga nzi. Anayepanga kazi hugeuza kasoro hiyo kuwa ratiba. Ndivyo wachoraji wa Tingatinga wanavyofanya hadi leo: unapaka mandhari ya nyuma kwenye bodi kadhaa kwa mfululizo, ukiziacha zikauke unazirudia zile za jana na kuweka umbo la mnyama, halafu za juzi unazimalizia kwa madoa na mistari. Rangi iliyofunguliwa inazunguka kwenye bodi zote kabla kopo halijafungwa. Na ukiitazama picha ya awali ya Edward utaona imejengwa kwa hatua hizo hizo: nyuma rangi moja iliyokolea upande na kufifia upande, katikati mnyama mmoja mkubwa, juu yake madoa. Sisemi kwamba uzuri wake ni bahati ya kopo la rangi. Jicho lilikuwa lake. Nasema tu kwamba mtindo ule ulikuwa na gharama ndogo na muda unaotabirika, na bila vitu hivyo viwili mchoraji hana kazi, ana kipaji.

Sasa soko. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa uliokuwa wa Wazungu tangu ukoloni na ambao baada ya Uhuru ulibaki na mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali. Hao walikuwa wakienda pale kununua mahitaji yao wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mnunuzi aliletwa na mkate na maziwa; hakuhitaji kutangaziwa. Mtu aliyeiona picha Jumamosi akaondoka bila kununua, Jumamosi ya pili aliiona tena. Edward aliwahi kuajiriwa kufanya kazi za nyumbani kwa Mwingereza, basi nadhani hakuhitaji kuelezwa watu wale wanapenda kutundika nini ukutani na wanabeba nini wakirudi kwao. Kinyago cha mpingo ni kizito na huchukua siku nyingi mkononi mwa mchongaji. Bodi ya futi mbili inaingia kwenye sanduku.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoamua kila kitu, kwa heri na kwa shari. Oda zilipozidi, Edward aliwaita jamaa na ndugu kutoka kwao kusini, upande wa Tunduru, akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata. Kijana alijifunza kwa kujaza rangi na kutia madoa kwenye kazi ya mwalimu, kisha akaanza kusaini zake. Hapakuwa na karo wala mkataba. Mwalimu alipata mikono, mwanafunzi akapata ufundi wa kumlisha. Ndiyo maana mwaka 1972 risasi ilimuua mtu na haikuiua kazi. Wanafunzi walibaki pale pale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society. Ofisi nyingi za ubunifu mjini leo, zenye viyoyozi na kadi za biashara, zingefungwa wiki moja baada ya mwenyewe kulazwa hospitali.

Lakini kila kilichoifanya kazi iwe rahisi kuirithi kiliifanya iwe rahisi kuinakili. Vifaa vinapatikana kwa yeyote, hatua zinafahamika, ujuzi unafunzwa kwa muda mfupi. Wachoraji waliongezeka kuliko wanunuzi. Maduka ya zawadi yakajaa simba wanaofanana, wengine wakiwa wamechorwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Oyster Bay, na mtalii mwenye macho mawili akagundua kwamba anaweza kumzungusha muuzaji wa kwanza kwa bei ya wa pili. Kitambaa kilipochukua nafasi ya hadibodi, kwa kuwa kinakunjwa na kubebwa, gharama ya kuingia sokoni ilishuka zaidi. Hapo ushindani haukuwa tena wa nani anachora vizuri. Ulikuwa wa nani atakubali kidogo.

Waliotoka kwenye mtego huo walitoka kwa jina. Mpata alivuka kwenda Kenya, kazi zake zikapendwa na Wajapani, na iko hoteli ya kitalii Maasai Mara inayoitwa kwa jina lake. George Lilanga hakuwa mwanafunzi wa Tingatinga, lakini alitoka kusini hiyo hiyo, akalelewa kisanaa Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Huyo alichora viumbe vya mashetani wenye masikio makubwa na matumbo, ambavyo mtu akiviona hata bila saini anasema ni vya Lilanga. Hadi anafariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa kwenye makusanyo ya Ulaya na Marekani. Naye alikuwa na wasaidizi wakijaza rangi kama ilivyokuwa kwa Edward. Utaratibu wa karakana ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Lilanga aliulizia Lilanga, na mnunuzi wa Tingatinga aliulizia tembo.

Sheria haikuweza kuziba pengo hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Inailinda picha, mtindo inauacha wazi. Ukinakili chui wa mtu mstari kwa mstari unaweza kushtakiwa. Ukichora chui wako mwenye madoa ya namna ile hakuna wa kukugusa. Kwa hesabu ya miaka hiyo, hata picha za Edward mwenyewe ulinzi wake ulifika kikomo mwishoni mwa 2022. Mtindo huo ulipoingia kwenye katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, dunia nzima ililitamka jina. Kinachomfikia mchoraji katika mambo kama hayo kinategemea karatasi aliyosaini, na wachoraji wengi hawajawahi kusaini karatasi yoyote.

Nimeyaeleza haya kwa kuwa nawaona vijana wa leo, wapiga picha, wabunifu wa nembo, wahariri wa video, wakirudia nusu ya pili ya hadithi hii bila kuijua. Programu moja, violezo vilevile, bei inayoshindana na ya jirani wa kwenye simu. Gharama zao wanazijua juu juu. Tuseme nembo unaitoza shilingi 200,000. Kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5 unapokea 190,000. Toa bando na umeme, kisha gawanya kwa siku ulizofanya, ukihesabu na zile za "bosi anaomba turudie kidogo". Wengi wakifanya hesabu hiyo hukuta wanalipwa chini ya fundi msaidizi wa ujenzi, ambaye kila jioni anaondoka na chake mkononi. Edward hakuwa na kompyuta, lakini bodi yake ilitoa vipande vinane na alijua hivyo kabla ya kushika brashi.

Basi kama unaishi kwa kazi ya mikono na akili yako, chukua malipo ya awali kabla ya kuanza, andika idadi ya marekebisho kwenye makubaliano, na eleza kwa maandishi mteja ananunua nini: matumizi ya picha kwa kazi fulani, au picha yenyewe moja kwa moja. Hizo ni bei mbili tofauti. Fundisha mtu mmoja kazi zako za kila siku ili ukiugua oda isilale. Na katika kila kazi kumi za kulipia pango, fanya moja ambayo jirani yako hawezi kuifanya, uisaini kwa herufi zinazosomeka.